Kizibao Kabla ya Maji

Mama Gundi hakuwahi kutia nguo ya mtu majini kabla hajainusa. Aliigeuza nje ndani, akaisogeza usoni, akafumba macho, akavuta pumzi moja ndefu kama mpishi juu ya sufuria, kisha ndipo akaamua iende beseni lipi: la maji baridi, la maji ya moto, au lile jekundu la pembeni ambalo yeye mwenyewe aliliita wodi. Miaka ishirini na miwili alifanya kazi katika ukumbi wa timu ya wanawake ya mpira wa mikono, na hata siku alizokuwa na mafua, pua imeziba ndi, bado alinusa. Akiulizwa ananusa nini naye hasikii kitu, alijibu, "Nasalimia tu."

Siku ya kwanza mchambuzi alipomwona akifanya hivyo, mate yalimjaa mdomoni, akatoka nje kushika ukuta.

Huyu mchambuzi alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, mpole, mwenye macho ya mtu asiyelala vizuri, aliyesomea sayansi ya michezo chuoni na kuzoea maabara zenye sakafu za kung'aa. Klabu ilimwajiri apime jinsi wachezaji wanavyochoka. Kazi yenyewe si ngumu kuieleza. Kila mchezaji alivaa chini ya jezi kizibao cha kubana, kifupi kama sidiria, na mgongoni, katikati ya mabega, palikuwa na kifuko cha kutia kidude cha ukubwa wa kiberiti. Juu ya kuta za ukumbi kulikuwa na visanduku vyeupe kumi na viwili vilivyosikiliza vidude hivyo. Mchezo ukiisha, kompyuta ya mchambuzi ilijua kila mmoja amekimbia mita ngapi na kwa kasi gani, amekatiza mbio ghafla mara ngapi, ameruka mara ngapi, amesukumwa na kugongwa mara ngapi. Kwa hesabu hizo alimshauri kocha nani aongezewe mazoezi na nani apumzishwe kabla mwili haujamgomea.

Hayo ndiyo aliyosomea. Habari ya harufu hakuna aliyemwambia.

Vizibao vilivuliwa vikiwa vimelowa chapachapa na kutupwa vyote katika kapu moja. Jasho lilikuwemo, bila shaka, lakini jasho ndilo lililokuwa na nafuu. Ilikuwemo gundi, ile nzito ya rangi ya asali ambayo wachezaji hujipaka vidoleni ili mpira usiwaponyoke. Walijifutia popote, shingoni, kiunoni, kwenye nywele, na nywele hizo zilifika kapuni zimeganda kwenye kitambaa kama miguu ya mende. Yalikuwemo mate, damu ya pua, mabaki ya plasta za vidole. Kapu likikaa saa moja karibu na dirisha lenye jua, lilianza kutoa kitu kama pumzi ya mnyama. Mchambuzi alitoa vidude vyake kwa ncha za vidole, akiwa amevaa glavu mbili mbili, na akifika chumbani kwake alivifuta kwa spiriti mpaka ngozi ya mikono ikamchubuka.

"Mwalimu," Mama Gundi alimwambia wiki ile ya kwanza, akimtazama kwa jicho la pembeni, "hao ni watu. Si panya waliofia darini."

"Najua, mama. Tumbo langu tu ni jepesi."

"Tumbo jepesi kwa jasho la mwenzio, na kazi yenyewe uliyokuja kufanya ni kupima jasho! Makubwa haya. Mkunga anaogopa damu."

Alikuwa na haki ya kusema. Kabla ya ukumbi, alifua mashuka ya hospitali miaka kumi na mmoja, na huko ndiko alikofundishwa kunusa. Mkuu wa madobi, mzee mmoja mkali, alimchapa kofi mkononi siku alipotumbukiza shuka majini bila kulikagua. Shuka la damu likiingia maji ya moto, doa halitoki tena. Shuka lililomwagikiwa dawa likichanganywa na la mtoto mchanga, mtoto anatoka vipele. Basi akajifunza. Baada ya miaka michache aliweza kujua kwa shuka tu kama mwenye kitanda ameanza kula au ameacha, na mara nyingine alijua kabla ya wauguzi kwamba kesho kitanda fulani kitakuwa wazi. Hakulisema hilo kwa majivuno. Alilisema kama mtu anayekuelekeza njia ya kwenda posta.

Kisha hospitali ikaleta mashine za kufulia, unga wake ukamwagika pamoja na wa wenzake wanane. Mumewe alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na binti yao mmoja alikuwa darasa la tano. Akaja ukumbini, kwanza si kwa kufua bali kwa kukwangua. Gundi iliyodondoka sakafuni aliilainisha kwa mafuta ya kupikia na kuikwangua kwa kisu butu, amepiga magoti, kutoka goli hadi goli. Jina alilipatia hapo. Binti yake, ambaye sasa ni muuguzi katika mji mwingine, alilichukia. "Mama, una jina lako zuri ulilopewa na bibi, halafu mtu akiita Gundi unaitika!" Mama Gundi alimjibu kwamba jina alilopewa na bibi linaitwa na watu wanaodai kitu, ila wanaoita Gundi wanataka tu kujua kama fulana zimekauka.

Ndiye pia aliyeingiza vidude katika vizibao kabla ya kila mazoezi. Vifuko vilikuwa vya kubana, na wachezaji wenye gundi mikononi waliviharibu. Kidude namba tatu kwenye kizibao namba tatu, cha nane kwenye cha nane. Mchambuzi alimkabidhi kazi hiyo kwa shukrani isiyo na heshima ndani yake, kwa sababu ilimwepusha kugusa.

Hivyo walikwenda mwaka mzima, kila mmoja upande wake wa harufu.

Kinyaa cha kweli kilikuja na meneja mpya, nacho hakikuwa cha puani, maana meneja alinukia. Alinukia manukato makali matamu yaliyofika mlangoni kabla yake na kubaki chumbani ameshaondoka. Alikuwa na tabia ya kulamba kidole kila alipotaka kufunua karatasi, ulimi wote nje, mpana, wa rangi ya waridi, na kila ukurasa uliopita mikononi mwake ulirudi na alama ya unyevu pembeni. Mchambuzi alijifunza kuzishika karatasi hizo kwa pembe nyingine. Wachezaji walimwita Bwana Asilimia.

"Dada yangu mtaalamu," alimwambia siku moja, ameegemea fremu ya mlango, "haya madude yako yanasema mengi mno. Mimi nataka kitu kimoja. Nani anakimbia, nani anakula upepo."

"Haiwi hivyo, meneja. Kila nafasi ina kazi yake. Winga anakimbia kilomita nne na zaidi katika mechi. Mchezaji wa mstari anasimama katikati ya mabeki watatu wanamsukuma, wanamvuta, wanamkumbatia. Mita zake ni chache lakini mwili wake..."

"Mita," alisema meneja. "Nipe mita."

Alimpa mita. Aliambatanisha ukurasa wa maelezo, aliouandika kwa uangalifu na kwa lugha nyepesi, unaoonyesha migongano ya kila mchezaji na kwa nini mita peke yake ni uongo. Jumatatu iliyofuata alilikuta jedwali lake limebandikwa kwenye ubao mlangoni mwa chumba cha kubadilishia nguo, majina yamepangwa kutoka juu mpaka chini kwa mita tu. Ukurasa wa maelezo haukuwepo. Mbele ya jina la mwisho meneja alikuwa amebandika picha ya kobe, yenye rangi, ya kuchekesha, kobe mwenye miwani.

Jina la mwisho lilikuwa la mchezaji wa mstari. Wenzake walimwita Nanga. Alikuwa mama wa mtoto mmoja, mwenye mabega mapana na sauti ndogo, na kazi yake uwanjani ilikuwa hiyo hiyo ya kusimama kwenye mstari wa mita sita, mgongo kwa goli, watu wamemrukia, mpaka apate nafasi ya kugeuka. Katika hesabu ya migongano alikuwa wa kwanza. Aliyemfuata hakufika hata nusu yake. Katika ubao wa meneja alikuwa kobe. Alikuwa kobe wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wageni wa klabu walipopita, meneja aliwasimamisha hapo, akalamba kidole, akagonga picha, wakacheka.

Mchambuzi alilalamika mara moja. Meneja akamwambia picha hiyo inawachangamsha wasichana. Hakulalamika tena. Aliendelea kutuma mita kila Jumatatu, na kwa kuwa hakuna aliyehitaji kingine, taratibu na yeye aliacha kutazama kingine. Kompyuta ilikuwa na michoro pia, ya kila mchezaji, mstari mwembamba unaoonyesha alikopita uwanjani dakika kwa dakika. Zamani aliipenda michoro hiyo kuliko kitu chochote katika kazi yake. Sasa alifungua safu ya jumla, akainakili, akaituma, akaenda kunawa mikono.

Wiki ya nne Nanga alikuja mazoezini na bintiye wa miaka saba, kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa. Mtoto ndiyo kwanza amejua kusoma, anasoma kila kitu, hadi maandishi ya kwenye kopo la rangi. Alisimama mbele ya ubao, kidole kikishuka jina kwa jina. Mama Gundi alikuwa anapita na kapu lake, na mchambuzi alikuwa nyuma yake.

"Mama," mtoto aliita kwa sauti ya darasani, "mbona wewe ndiye kobe?"

Nanga alicheka. Alicheka kicheko kirefu kisicho na mahali pa kuishia, akamshika mtoto kichwa, akasema, "Kobe ana nyumba yake mwenyewe, bwana. Wewe unayo?" Kisha akaingia ndani, na mlango ulipofungwa hawakusikia sauti yake tena, ila bomba tu, likimwaga maji muda mrefu kuliko anaonawa mtu.

Mama Gundi aliutua mzigo wake chini. Alimtazama mchambuzi. "Hizo namba ni zako?"

"Ni zangu. Lakini kobe si wangu."

"Aa," alisema Mama Gundi. Akalibeba kapu lake akaenda zake.

Jumatatu iliyofuata Nanga alikuwa wa tano kutoka juu.

Mchambuzi aliona, akafurahi, akadhani mwanamke amejitutumua. Kobe alikuwa ameangukia kwa winga wa kulia, msichana mwembamba wa miaka ishirini na mitatu aliyeitwa Umeme, ambaye hakuna aliyewahi kumshika akitoka mbio. Chumba kizima kilivunjika mbavu.

"Mimi?" Umeme alipiga ukelele, mkono kifuani. "Mimi kobe? Basi kobe huyu mumpeleke hospitali, kameza pikipiki!"

"Umezeeka, shoga. Tafuta mkongojo."

"Mkongojo nitakuchapia nao wewe. Subiri nikufikie, nikitembea polepole."

Alikuwa mtu wa namna hiyo, kejeli haikupata pa kushika. Wiki iliyofuata kobe alimshukia mwingine, kisha akarudi kwa Umeme, kisha tena kwa Umeme. Ubao ulikuwa umegeuka mchezo na Nanga hakuwa tena chini. Mchambuzi, kwa upande wake, aliona jambo zito zaidi: mita za Umeme zimeshuka kwa theluthi moja. Aliandika ushauri kwa kocha, maneno matano ambayo baadaye aliyakumbuka moja moja. Winga hachoki ipasavyo, aongezewe mbio. Kocha akamwongezea. Kila jioni wenzake wakienda kuoga, Umeme alibaki akikimbia urefu wa ukumbi mara ishirini zaidi. Na Nanga, ambaye kwa karatasi alikuwa anajiua kwa mbio, akapewa siku mbili za kupumzika kila wiki.

Ikaendelea hivyo majuma matano, mpaka ikabaki siku mbili timu icheze nusu fainali.

Alhamisi hiyo mchambuzi alikuwa chumbani mwake, kilichokuwa zamani stoo ya magodoro ya mazoezi na bado kikinuka sponji kuukuu. Alikuwa na chai mbele yake. Mama Gundi aliingia bila kubisha hodi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaweka kizibao kibichi juu ya meza, kando ya kikombe. Namba nane, cha Umeme. Kilikuwa kimelowa hata kikaacha dimbwi dogo.

"Mama! Chai yangu!"

"Nusa."

"Kwa nini unaniletea..."

"Nusa, nimekwambia. Hapa chini, kwenye pindo."

Alisogeza uso kidogo, akiwa ameshika pumzi, kisha ikambidi aiachie. Kwanza lilimpiga jasho, chachu, zito. Chini yake kulikuwa na kitu kingine, kikali, cha kuchoma macho.

"Dawa ya kuchua," alisema.

"Wiki ya pili hii. Inapanda kutoka pajani, nguo ya chini inaishika na kizibao kinaishika. Anajichua chooni wenzake wasimwone. Na nimemsikia kocha leo akisema Jumamosi Umeme anacheza dakika zote sitini, kwa kuwa mwalimu kasema hana uchovu." Mama Gundi alivuta kiti, akakaa, mikono magotini. "Mimi nilijua karatasi yako ni ya kobe tu. Sikujua ndiyo inayosema nani akimbizwe."

Mchambuzi bado hakuelewa.

"Vidude nilivibadilisha mimi," Mama Gundi alisema. "Siku ile ya mtoto. Cha Nanga nikampa Umeme, cha Umeme nikampa Nanga. Nilisema huyu hawezi kuumizwa na kobe, ana mdomo wa kujitetea. Mara moja moja nikawabadilisha na wengine, kila mtu apate zamu. Nilidhani nawagawia aibu. Kumbe nilikuwa namgawia mtoto wa watu mbio."

Mchambuzi aligeukia kompyuta. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mitatu alifungua michoro. Haikumchukua hata dakika moja. Mstari ulioitwa Nanga ulikuwa unakatiza pembeni mwa uwanja, mrefu, ulionyooka, kutoka kona hadi kona, njia ya winga. Mstari ulioitwa Umeme ulikuwa fundo moja zito mbele ya goli, ukijizungukazunguka pale pale kama mbuzi aliyefungwa kambani. Mtoto wa darasa la pili angeona. Mechi tano zilikuwa hapo, na siku zote za mazoezi, zikimngoja atazame.

Kichefuchefu kilichompata hapo hakikutokana na kizibao.

"Ningejua kwa kuangalia tu," alisema.

"Mimi nilidhani umeona ukaninyamazia," Mama Gundi alisema. "Nikakushukuru moyoni. Nikasema, kumbe ana utu."

Walikwenda kwa kocha pamoja, wakamwambia habari ya paja na kwamba namba zilikosewa, ila si nani aliyezikosea. Daktari alimbonyeza Umeme nyuma ya paja na Umeme, aliyekuwa na jibu kwa kila kitu, akauma kiganja chake. Msuli ulikuwa umeanza kuchanika. Daktari alisema kwa mbio za dakika sitini ungekatika wote, na miguu iliyokatika misuli hivyo mingi hairudi kuwa ya winga. Umeme alikaa benchi Jumamosi, amejifunga barafu, akipiga kelele kuliko mashabiki. Timu ilifungwa kwa magoli mawili.

Jumatatu meneja alimwita mchambuzi ofisini. Ofisi ilikuwa chumba kilichotengwa kwa mbao nyembamba, na manukato yalikuwa yamejaa humo kama maji katika pipa. Usiku uliopita mchambuzi alikuwa amepanga la kusema. Angesema ni hitilafu. Vidude hupata hitilafu, betri hufa, mawimbi hugongana. Neno moja tu, na hakuna ambaye angejua.

Meneja alilamba kidole, akafunua ripoti. Alama ya mate ilitua juu ya jina la Umeme, wino ukaanza kutanuka taratibu. Mchambuzi hakuweza kuondoa macho yake hapo.

"Tumetolewa mashindanoni," alisema meneja, "kwa sababu winga wangu alikimbizwa na karatasi yako. Hizi mashine ni mpya, hazikosei zenyewe. Ni nani basi? Ni wewe?"

"Mama Gundi ndiye anayeingiza vidude," alisema mchambuzi.

Ilitoka hivyo hivyo, laini, haraka, kama kitu kilichokuwa kimekaa mdomoni muda mrefu kikingoja kutemwa. Hakutikiswa, hakutishwa, hakuulizwa mara ya pili. Alisikia sauti yake mwenyewe na hakuipenda. Alijaribu kuongeza mengine, habari ya kobe, habari ya mtoto, ukurasa wa maelezo ulioondolewa, kwamba ni huyo huyo mama aliyeokoa mguu wa Umeme. Meneja alikuwa ameshashika simu, akiinua kidole kimoja kumtaka anyamaze. Kidole chenyewe kilikuwa bado kinang'aa mate.

Mama Gundi alipewa mpaka Ijumaa.

Mchambuzi hakumfuata Jumanne, wala Jumatano. Alhamisi alipita nyuma ya ukumbi, akasikia nguo zikipigwa majini, akarudi alikotoka. Ndani ya siku hizo aliandika barua kwamba hatatuma tena jumla ya mita bila michoro na migongano kando yake. Meneja akamjibu kwamba haina shida, neno la siri la kompyuta analo, atajumlisha mwenyewe. Na ndivyo alivyofanya. Ijumaa asubuhi jedwali jipya lilikuwa ubaoni. Chini kabisa lilikuwa jina la Umeme, aliyekuwa nyumbani mguu juu ya mto, na mbele yake sifuri, na mbele ya sifuri kobe mwenye miwani.

Mchambuzi aliing'oa karatasi yote. Picha ya kobe ilikataa, ilikuwa ya kunata, ikachanika nusu, miwani ikabaki. Aliikwangua kwa kucha mpaka kucha ikauma. Kisha ndipo akaenda nyuma ya ukumbi.

Palikuwa na bomba moja, sakafu ya saruji yenye mteremko, mabeseni matatu na kamba mbili. Mama Gundi alikuwa ameshavua aproni yake, ameikunja juu ya mfuko wake mdogo. Alikuwa anakwenda kukaa kwa binti yake, tiketi ilikuwa ya saa sita. Hawakuonana tena baada ya siku ile. Mwaka uliofuata binti alipiga simu ukumbini kuwapa waliomjua habari ya msiba, akataja lile jina la bibi, na aliyeipokea simu ilibidi aulize mara mbili ndipo akaelewa kwamba anayezungumziwa ni Mama Gundi. Lakini asubuhi ile alikuwa mzima, mkali, mikono bado ina povu kwenye viwiko.

"Ni mimi niliyekutaja, mama," mchambuzi alisema.

"Najua. Ofisi yenyewe ukuta wa mbao, nilikuwa nakwangua korido." Alijifuta mkono wa kwanza, akajifuta wa pili. "Alikuuliza mara ngapi?"

"Mara moja."

"Mara moja tu!" Alitikisa kichwa, na cha ajabu akacheka, kicheko kifupi cha puani. "Walau angekuuliza mara mbili, nikawaambia watu umeniuza kwa shida."

Mchambuzi alisimama pale. Alitaka kulia ila aliona kulia nako kungekuwa uchafu mwingine wa kumwachia mwenzake afue. Akajikaza kisabuni. "Umeme anakusalimu," alisema. "Daktari kasema atakimbia."

"Hilo ndilo la maana. Hayo mengine ni yenu." Mama Gundi alimpa kile kisu butu, mpini kwanza. "Nasikia hawaleti mtu mwingine. Nani anafua?"

"Mimi. Nimeomba."

"Wewe!" Alimpima kutoka juu mpaka chini, glavu zikiwa zinachungulia kwenye mfuko wa koti. Alimwelekeza kapu. Mchambuzi aliinama akatoa cha juu, kizibao namba tatu, cha Nanga, akakibeba kwa ncha za vidole viwili, mkono umenyooka mbali na mwili, akakipeleka moja kwa moja kwenye beseni la maji ya moto. Mama Gundi, mfuko ameshautia begani, alisimama mlangoni akimtazama.

"Usikitie maji, mwanangu," alisema. "Nusa kwanza. Ukitaka kutapika tapika, bomba hilo hapo."